Kaboni ya Gugu Maji Inapokataa Kufanya Kazi: Utatuzi wa Matatizo ya Vichocheo vya Seli za Fueli na Betri za Zinki-Hewa

Kaboni ikikataa kufanya kazi, wengi hukimbilia kubadilisha mapishi. Wanaongeza urea, wanapandisha joto, wanaulizia bei ya kobalti. Mimi nashauri uanze upande wa pili kabisa: kagua kipimo kwanza, kisha elektrodi, kisha unga wenyewe, na tanuru liwe la mwisho. Kupika upya kunakula siku nzima na mtungi wa gesi. Kukagua elektrodi rejea, ile unayopimia volti dhidi yake, hakukugharimu hata kikombe cha chai.

Nazungumza na anayetengeneza kaboni yenye vitundu kutokana na mabaki ya huku kwetu Kenya: gugu maji la Ghuba ya Winam, makapi ya miwa ya Muhoroni, magunzi ya Kitale, maganda ya mpunga ya Ahero. Kazi ya kaboni hiyo ni moja, kuisaidia oksijeni ya hewa ipokee elektroni. Ndani ya alkali, molekuli moja ya oksijeni ikipokea elektroni nne inageuka ioni nne za haidroksidi. Ikipokea mbili tu inaishia kuwa peroksidi, na sehemu kubwa ya nishati uliyoitarajia huipati. Ili elektroni zipokewe, oksijeni, elektroliti na kaboni inayopitisha umeme lazima vikutane mahali pamoja. Karibu kila dalili iliyo hapa chini ni kimoja kati ya hivyo vitatu kukosa njia ya kufika.

Mkondo wa kikomo uko chini kuliko wa makala za nje

Hii ndiyo dalili inayowavunja watu moyo kuliko zote, na hapa kwetu ina sababu ambayo makala za pwani ya China au Marekani haziitaji kamwe: mwinuko.

Kwenye elektrodi ya kuzunguka, mizunguko 1600 kwa dakika, ndani ya potasiamu haidroksidi ya 0.1 M iliyojaa oksijeni kwa nyuzi 25, hesabu ya Levich, inayokadiria mkondo wa kikomo, yaani wa juu kabisa ambao oksijeni inayofika inauruhusu, inatoa karibu miliampia 5.7 kwa kila sentimita ya mraba kwa kichocheo cha elektroni nne. Lakini hesabu hiyo inachukua kiwango cha oksijeni cha 1.2 × 10⁻³ M, ambacho ni cha usawa wa bahari, palipo na kanieneo ya kilopaskali 101. Kisumu, kwa mita 1130 hivi, ina karibu 88. Nakuru mjini, kwa mita 1850 hivi, ina karibu 81. Oksijeni inayoyeyuka inashuka kwa kadiri hiyo hiyo, hata kama unapuliza oksijeni safi kutoka kwenye mtungi, kwa sababu chombo chako kiko wazi kwa anga la Nakuru. Ukitoa na mvuke wa maji, kichocheo kilekile kinachotoa 5.7 Mombasa kitatoa kama 4.9 Kisumu na 4.5 Nakuru.

Madhara yake hayaishii kwenye mchoro kuonekana mnyonge. Ukiingiza ule mkondo wa 4.5 kwenye hesabu ya Levich au ya Koutecký na Levich huku umeacha kiwango cha oksijeni cha usawa wa bahari, jibu litakuambia elektroni ni 3.2. Utaandika kwenye tasnifu kwamba kaboni yako inazalisha peroksidi nyingi, kumbe haina hatia. Rekebisha kiwango cha oksijeni kwa kanieneo ya siku hiyo, kisha ndipo uhukumu. Volti ya nusu-mkondo, yaani pale mkondo unapofika nusu ya kikomo chake, haisogei sana kwa mwinuko. Kwa hiyo ukitaka kujilinganisha na watu wa nje, jilinganishe kwa volti hiyo kabla ya mkondo.

Ukishaondoa mwinuko na bado mkondo uko chini, fanya jaribio la kasi mbili za mzunguko. Kikomo kinafuata kipeuo cha pili cha mwendo, kwa hiyo kutoka mizunguko 400 hadi 1600 mkondo unapaswa kuongezeka maradufu. Usipoongezeka hivyo, hewa haiwezi kulaumiwa. Tatizo liko kwenye tabaka la unga juu ya elektrodi. Litazame kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi utaona wino, yaani unga uliochanganywa na kimiminika, umekauka na kuacha pete kama ya kikombe cha chai mezani, pembeni mnene, katikati kaboni ya kioo ya elektrodi yenyewe inang'aa tupu. Punguza maji kwenye wino na uongeze isopropanoli, dondosha kidogokidogo, kisha funika elektrodi kwa bika ili ikauke polepole. Kwa kipimo cha kuanzia: miligramu 5 za unga katika mililita 1 ya wino, mikrolita 12 juu ya elektrodi ya kipenyo cha milimita 5, zitakupa takriban miligramu 0.3 kwa sentimita ya mraba. Ukizidisha sana juu ya hapo, tabaka linakuwa nene kiasi kwamba peroksidi inayozaliwa chini inavunjwa kabla haijatoka. Kichocheo kibaya kitaonekana kizuri. Ukitaka ukweli kuhusu peroksidi, pima kwa tabaka jembamba na elektrodi yenye pete ya pembeni inayokamata peroksidi inayotoka.

Volti inashangaza, ama kwa uzuri ama kwa ubaya

Kabla ya kufurahi, shuku elektrodi rejea. Ile ya fedha na kloridi ya fedha ni ya kawaida kwa sababu kila maabara inayo, lakini haipendi alkali: haidroksidi inapenya kwenye kizibo chake na taratibu volti inahama. Ya zebaki na oksidi ya zebaki ndiyo inayofaa, ingawa nayo thamani yake inategemea myeyusho ulio ndani. Mtu anayenakili namba ya kugeuzia kutoka kwenye makala bila kuangalia myeyusho huo anaweza kukosea makumi ya milivolti, na katika fani hii makumi ya milivolti ndiyo tofauti ya kaboni ya kawaida na ya kujivunia. Suluhisho ni kuipima mwenyewe: waya safi wa platinamu, myeyusho uleule, haidrojeni ikipulizwa ndani, na mahali mkondo unapokatiza sifuri ndipo sifuri yako ilipo.

Ikiwa volti inaboreka kila unaporudia kipimo, tazama elektrodi ya pili, ile inayokamilisha njia ya mkondo. Kama ni ya platinamu, inawezekana inayeyuka kidogokidogo na kuhamia kwenye kaboni yako, kisha unaisifu kaboni kwa kazi ya platinamu. Tumia fimbo ya grafiti, iliyo safi. Ile ya katikati ya betri ya tochi mara nyingi imelowekwa nta.

Betri ya zinki-hewa inaanza vizuri kisha inazama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kaboni nyingi nzuri zinapohukumiwa kimakosa.

Betri hii ina zinki upande mmoja na kaboni inayopokea hewa upande wa pili, na kwa nadharia inatoa volti 1.65. Iliyotengenezwa vizuri na kuachwa bila mzigo husoma 1.4 na kidogo. Ikisoma 1.2 au chini tangu mwanzo, tafuta kwanza mguso mbaya, kaboni iliyokauka bila kulowa, au pande mbili kugusana ndani. Ikianza vizuri na kuzama baada ya saa kadhaa ukiwa umeiwekea mzigo, usiguse upande wa hewa kabla hujajua ni upande gani unaozama. Chovya kipande cha tatu ndani ya elektroliti, zinki safi isiyopitisha mkondo wowote, na upime kila upande dhidi yake kwa mita. Volti kati ya upande wa hewa na kipande hicho ikibaki palepale huku ya betri nzima ikishuka, mkosaji ni zinki yako. Imejifunika oksidi nyeupe, au elektroliti imeshiba zinki iliyoyeyuka na haipokei zaidi. Isugue kwa msasa, badilisha elektroliti, na betri itafufuka bila kuipika kaboni upya.

Kuhusu zinki yenyewe: mabati chakavu ni ya bei rahisi jua kali, lakini ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki hiyo ikiliwa hadi chuma kikafunuliwa, viputo vya haidrojeni vinatoka bila kukoma na zinki inaisha betri ikiwa imelala. Kopo la zinki la betri ya tochi ni afadhali kwa majaribio ya darasani. Kwa kazi ya kuchapishwa nunua bamba safi.

Mkosaji akiwa ni upande wa hewa, geuza betri utazame mgongo wake. Matone madogo kama jasho yakiwa yamejipanga kwenye uso unaopaswa kuwa mkavu, kaboni imefurika: elektroliti imejaza vitundu vyote na oksijeni haina pa kupita isipokuwa kuogelea. Ukikuta ukoko mweupe, vaa glavu na udondoshee siki. Ukitoa povu, ni kabonati, iliyotokana na kaboni dioksidi ya hewa kukutana na potasiamu haidroksidi. Ukoko huu unakithiri pale maji yanapokauka, kwa hiyo Nakuru ya Januari, upepo mkavu na vumbi, itakuletea ukoko haraka kuliko Kisumu ya Aprili. Osha kwa maji, kausha, na ukirudi kazini punguza tundu la hewa. Tundu pana lisilohitajika ni mlango wa kupotezea maji tu.

Mafuriko yana tiba tofauti. Kosa la kawaida ni kufunga unga kwa Nafion, gundi ya plastiki inayopitisha ioni, peke yake kwa sababu ndivyo ilivyofanywa kwenye elektrodi ya kuzunguka. Nafion inapenda maji. Upande wa hewa wa betri unahitaji tabaka la nyuma linalokataa maji, kaboni iliyochanganywa na tefloni, na tefloni hiyo lazima ichomwe kwa nyuzi 340 hadi 350 hivi ili iyeyuke na kutandaa. Ukiikausha tu kwa nyuzi 100, sabuni iliyokuja na mchanganyiko wa tefloni inabaki ndani na kuyavuta maji uliyotaka kuyazuia. Jaribio lake ni la tone moja la maji mgongoni mwa elektrodi: likisimama kama shanga ni sawa, likilala na kupotea, rudi kwenye tanuru dogo.

Na ikiwa betri inafia kwenye kuchaji, usihangaike kuitibu kaboni. Kuchaji kunapeleka upande wa hewa kwenye volti ambayo kaboni yenyewe inaungua kuwa kaboni dioksidi na kabonati. Kadiri vitundu vyake vilivyo vingi, ndivyo inavyoliwa upesi. Weka elektrodi ya tatu ya wavu wa nikeli kwa ajili ya kuchaji, na kaboni ibaki na kazi ya kutoa umeme tu. Kwa matumizi ya kijijini hata hilo si lazima: bamba la zinki linabadilishwa kwa mkono na mtu anaendelea.

Eneo la uso ni kubwa, mkondo ni mdogo

Umepeleka sampuli kupimwa, imerudi na mita za mraba 2000 kwa gramu, na bado kaboni ya dukani inakushinda. Usishangae. Vitundu vya chini ya nanomita 2 ndivyo vinavyojaza hiyo namba, lakini oksijeni na ioni haziwezi kusafiri mbali ndani yake. Zinahitaji barabara za nanomita 2 hadi 50, na juu ya hizo njia kubwa zaidi zinazotoka nje. Unga wenye vitundu vidogo tu umejaa sehemu zenye uwezo wa kufanya kazi ambazo hakuna kinachozifikia.

Kama huwezi kulipia kipimo cha eneo la uso kwa gesi ya naitrojeni kila mara, tumia vipimo viwili vya bei nafuu pamoja: namba ya iodini na methilini ya bluu. Iodini ni molekuli ndogo, inaingia kwenye vitundu vidogo. Methilini ya bluu ni kubwa na inataka nafasi. Iodini juu na bluu chini maana yake ni barabara hakuna.

Kutengeneza barabara kunahitaji kitu kinachoshika nafasi na kisha kuondoka. Chumvi ya mezani inaoshwa kwa maji. Unga laini wa kalsiamu kabonati unavunjika tanurini kwa joto la juu, unatoa gesi, na mabaki yanayeyuka kwenye asidi ya haidrokloriki. Kuna malighafi zinazokuja na nafasi hizo tayari. Maganda ya mpunga yana silika, ambayo unaiondoa kwa kuyachemsha kwenye alkali moto baada ya kuyafanya makaa, wala huhitaji ile asidi ya haidrofloriki inayoua. Magamba ya mbuta yanayotupwa ufuoni yana fosfati ya kalsiamu iliyofumwa na protini yenye naitrojeni, na asidi ya kawaida inaitoa hiyo fosfati. Gugu maji nalo lina potasiamu nyingi mwilini mwake, kwa hiyo linajitoboa lenyewe kiasi. Ukilimwagia potasiamu haidroksidi ya kutobolea vitundu kwa uwiano ulioandikwa kwa maganda ya nazi utabaki na unga kiganjani na kuta nyembamba zisizopitisha umeme. Anza na uwiano wa 1:1 na upande polepole.

Umeme wenyewe uupime kabla ya yote. Shindilia unga ndani ya kipande cha mrija wa plastiki kati ya vijiti viwili vya shaba, weka mita. Kaboni ya nyuzi 600 itasoma ukinzani mkubwa mno. Ya 900 inapaswa kushuka vikubwa. Hapa kuna mvutano usiokwepeka: joto likipanda umeme unapita vizuri, lakini naitrojeni iliyojishika ndani ya kaboni, ile inayoisaidia kuchochea oksijeni, inatoroka. Wengi huishia karibu na nyuzi 900 kwa sababu hiyo.

Naitrojeni ikitoroka yote, kosa kwa kawaida ni mpangilio. Urea, hata ile ya duka la mbolea yenye asilimia 46, inavunjika na kuondoka kabla kaboni haijawa tayari kuipokea, na ikipikwa pamoja na potasiamu haidroksidi, alkali hula naitrojeni iliyojishika. Toboa kwanza, osha, kausha, kisha tia naitrojeni kwa mpiko wa pili, kikombe kikiwa na kifuniko.

Bechi hii nzuri, ile mbovu

Tazama udongo. Magunzi yaliyoanikwa chini kwenye udongo mwekundu wa Kakamega yanabeba chuma. Makapi ya miwa yanabeba udongo wa shambani na chuma cha rola za kiwandani. Mizizi ya gugu maji inakamata tope la ziwa, kwa hiyo chukua mashina, acha mizizi. Tangu mtafiti Jasinski alipoonyesha mwaka 1964 kwamba kobalti iliyoshikwa na naitrojeni ndani ya fthalosianini, molekuli kubwa ya rangi, inachochea oksijeni, inajulikana kuwa metali chache pembeni ya naitrojeni zinaweza kufanya kazi kubwa. Kwa hiyo unapodai kaboni yako haina metali, hakikisha. Choma gramu moja hewani hadi ibaki majivu. Yakiwa mekundu au ya kahawia, jibu umelipata. Yakiwa meupe, yayeyushe kwa asidi ya haidrokloriki na udondoshee thayosianeti ya potasiamu: wekundu wa damu ni chuma.

Chuma si adui kila mara. Ndani ya alkali kinaweza kukusaidia, mradi ukitie mwenyewe kwa kipimo badala ya kukipokea kama bahati nasibu. Kwenye seli ya fueli yenye utando wa asidi ni jambo jingine. Chuma kilicholegea kikikutana na peroksidi huzalisha chembe kali zinazokula utando. Na kaboni yenye naitrojeni peke yake, iliyong'aa kwenye alkali, huwa dhaifu ikiingia kwenye asidi. Hilo halitibiwi kwa kuosha.

Tanuru: mavuno kidogo, na mambo yasiyosubiri

Juu ya kikombe kukiwa na utando wa majivu ya kijivu na chini unga ni mweusi, hewa inaingia. Kagua mipira ya mwisho wa bomba. Mpira wa kutolea gesi uuchovye kwenye chupa ya maji uone viputo, lakini weka chupa tupu katikati, kwa sababu stima ikipotea bomba linapoa, linavuta, na maji yanapanda moja kwa moja kuelekea kwenye kaboni ya nyuzi 800. Stima ikikatika, acha naitrojeni iendelee kutiririka hadi bomba lishikike kwa mkono. Kaboni yenye vitundu ikifunguliwa ingali ya moto inashika moto yenyewe. Tumia kikombe cha nikeli. Alkali ya moto inatafuna kauri na kwatzi, na kauri iliyotafunwa itaonekana kwenye majivu kama silika usiyoijua ilikotoka.

Mpiko wa potasiamu haidroksidi unaweza kuacha potasiamu yenyewe, metali, ndani ya vitundu. Baada ya kupoa kabisa, ongeza maji tone kwa tone, uso ukiwa nyuma ya kioo. Na pale ambapo malighafi ina naitrojeni, mfano magamba ya samaki, au umechanganya urea na alkali na kupandisha zaidi ya nyuzi 700, sianidi ya potasiamu inaweza kuwa imezaliwa humo. Usimwage asidi juu ya unga huo kwanza, maana asidi huigeuza gesi ya kuua. Osha kwa maji mengi ndani ya kabati la kufyonza hewa, mara kadhaa, na maji hayo ya kuoshea yabaki ya alkali na yatiwe hipokloriti kabla ya kumwagwa. Asidi inafuata baadaye, unga ukiwa umeshaoshwa, bado ndani ya kabati hilohilo na feni ikiwa imewashwa.